Nani Alikuwa Anafagia Kolmanskop?

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa nyumba ya mhasibu, mchanga umenifika magotini, pale mwanamke mmoja mwenye kamera kubwa aliponiomba nisogee.

Aliniomba kwa adabu. Alionyesha kwa mkono milango mitatu iliyofuatana nyuma yangu, kila mmoja umezama zaidi ya ule wa mbele yake, na mwanga wa asubuhi ukiingia kwa ubavu. Alitaka picha isiyo na mtu. Nikasogea. Nikajibana ukutani, nikashikilia na begi lisije likatokeza, akapiga mara nne au tano, akashukuru, akaenda zake.

Basi. Hakuna kilichotokea zaidi ya hapo. Nilipomsimulia binamu yangu kwenye gari alicheka. "Sasa wewe ulitaka umharibie mwenzio picha yake?" Nami nikacheka.

Hii ni wiki ya sita, na bado nimejibana kwenye ule ukuta.

## Nyumba zenye majina ya kazi

Picha za Kolmanskop umeshaziona, hata kama jina hulijui. Chumba chenye kuta za buluu iliyopauka, mlango uko wazi, mchanga umemwagika ndani kama nafaka iliyopasukiwa gunia. Ziko kwenye kalenda, kwenye majalada ya vitabu, kwenye kuta za hoteli. Mji wenyewe uko kusini mwa Namibia, kama kilometa 10 kutoka bandari ya Lüderitz, na almasi iliyoujenga ilipopatikana kwingine kwa wingi zaidi, watu wakaanza kuondoka. Wa mwisho aliondoka mwaka 1956.

Jina lake lenyewe lina kichekesho. Husimuliwa kwamba msafirishaji mmoja aitwaye Coleman alikwama hapo na mkokoteni wake wa maksai kwenye dhoruba ya mchanga, akauacha, na kile kilima kikabaki na jina lake. Yaani kabla ya kuwa mji, mahali hapo palikuwa tayari ni pa kuacha kitu na kuondoka.

Kilichonivutia mimi ni namna nyumba zinavyoitwa. Juu ya tuta kuna safu ya nyumba kubwa za Kijerumani, za enzi Wajerumani walipoitawala nchi hii, na kila moja inaitwa kwa kazi ya aliyeishi humo: nyumba ya meneja wa mgodi, nyumba ya msanifu majengo, nyumba ya mwalimu, nyumba ya mhasibu. Unatembea kama mtu anayesoma orodha ya mishahara. Chini yake kuna hospitali, kiwanda cha barafu, bucha, duka la mikate, na ule ukumbi mkubwa uliotumika kwa mazoezi ya viungo, michezo ya kuigiza na dansi, wenye uwanja wa kugongesha pini kwa matufe ya mbao. Kulikuwa na bwawa la kuogelea la maji ya bahari. Kulikuwa na kitreni kidogo kilichopita mitaani. Maji ya kunywa yalikuja kwa meli kutoka Cape Town, karibu kilometa 1,000, na bado watu walipelekewa mabonge ya barafu majumbani, katikati ya jangwa la Namib, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Hospitali ilikuwa na mashine ya eksirei, kitu adimu mno barani wakati ule. Mwongozaji wetu alituambia haikuwa ya kutazamia mifupa iliyovunjika peke yake. Ilitazama pia matumbo ya vibarua, kama kuna aliyemeza almasi. Watu kwenye kundi waliguna kidogo, kisha tukaenda kutazama uwanja wa pini.

Nilifurahia ziara ile, sitadanganya. Nilikuwa nimepita nyumba tano au sita ndipo nikaona kwamba kuna kazi ambayo haina nyumba.

## Mchanga wenyewe

Kabla sijafika huko, ngoja nisimame kidogo kwenye mchanga, maana nilikuwa na picha potofu kichwani. Nilidhani mchanga unameza nyumba kama mafuriko: unapanda nje mpaka dirishani, kisha unamwagikia ndani. Siyo hivyo.

Chembe za mchanga haziruki juu sana. Upepo wa kusini unapovuma, na pale unavuma karibu kila siku, nyingi hudundadunda chini chini, hazivuki paja la mtu. Ndiyo maana ukutazama kuta za nje utaona rangi na plasta zimelika kuanzia kiunoni kwenda chini, kana kwamba mtu amezipiga msasa, na juu zimebaki nzima. Ndani ni hivyo hivyo. Karibu na dari bado kuna urembo wa maua uliochorwa kwa kigezo, mstari mmoja kuzunguka chumba kizima, rangi zake bado mbichi.

Mchanga unasubiri mlango au kioo kimoja kivunjike. Upepo ukipenya ndani unakutana na kuta, unaishiwa nguvu, na ulichobeba unakitua hapo hapo. Ndiyo maana mchanga umelala kwa mteremko, juu zaidi upande ulioingilia. Kila chumba kinapokea kile ambacho chumba cha mbele yake kimeshindwa kushika. Ile milango mitatu ya yule mwanamke, iliyozama kwa ngazi, ni kipimo cha namna pumzi ya upepo ilivyokuwa ikiisha.

Ukungu wa chumvi kutoka baharini ndio unaokula chuma: bawaba, mabati, mabomba. Mbao, kwa sababu ya ukavu, zinavumilia. Kwa hiyo unakuta mlango mzima uliolala chini. Haukuoza. Kilichokufa ni bawaba zake.

Nilidhani haya yote ni maelezo ya kujua tu. Mpaka mama akauliza swali lake.

## Swali la mama

Nilikuwa namwonyesha picha kwenye simu. Mama akaweka miwani, akawa anazipitisha moja moja, polepole, kama anavyochambua mchele. Hakusema "pazuri." Aliuliza watu wale walihama lini.

"Wa mwisho mwaka 1956, mama."

"Na upepo? Umeanza baada ya wao kuondoka?"

"Hapana. Ulikuwepo tangu zamani."

Akapitisha picha nyingine mbili.

"Sasa, mwanangu, hapa alikuwa anafagia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilianza kumweleza habari za bawaba na vioo, nikaona mwenyewe ninazunguka. Yeye hakuuliza mchanga unaingiaje. Anajua mchanga unaingiaje. Amefagia maisha yake yote.

## Beleshi la Lewala

Usiku ule nilirudia kusoma kisa kile ambacho kila mtu anakijua, cha jinsi almasi ya kwanza ilivyookotwa. Safari hii nilikisoma kama mtu anayemtafuta mfagiaji.

Mwezi Aprili 1908, mfanyakazi wa reli aitwaye Zacharias Lewala aliokota jiwe linalong'aa. Aliwahi kufanya kazi kwenye migodi ya almasi ya Kimberley, Afrika Kusini, kwa hiyo alijua anachokitazama. Akampelekea msimamizi wake, Mjerumani August Stauch. Stauch akaomba vibali vya kutafuta madini, akatajirika. Kabla ya mwaka kwisha serikali ya kikoloni ilikuwa imefunga eneo kubwa la pwani, ikaliita Sperrgebiet, yaani eneo lililopigwa marufuku. Mengine unayajua.

Lakini Lewala alikuwa anafanya nini pale?

Alikuwa anaondoa mchanga. Reli ya Lüderitz ilipita kwenye matuta yanayohama, na ili treni ipite ilibidi kuwe na watu wenye mabeleshi, kila siku, wakizoa mchanga ulioletwa na upepo wa jana. Stauch alikuwapo pale kusimamia kazi hiyo. Alikuwa msimamizi wa wafagiaji wa reli.

Na reli yenyewe ilijengwa na nani? Hapa ndipo nilipoweka simu chini kwa muda. Kabla ya almasi, kwenye kisiwa kidogo kilichopo hapo hapo Lüderitz kiitwacho Shark Island, Wajerumani waliweka kambi ya wafungwa wa makabila ya Waherero na Wanama. Wafungwa hao ndio walioitandika reli ya kutoka Lüderitz kwenda mji wa Aus. Hesabu za wakoloni wenyewe zinasema kati ya wafungwa 2,014 waliopelekwa kwenye ujenzi huo kuanzia Januari 1906 hadi Juni 1907, waliokufa ni 1,359.

Mwaka uliofuata, kwenye reli hiyo hiyo, jiwe likaokotwa.

Stauch historia imemfuata mpaka kaburini: alipoteza utajiri wake, akafa Ujerumani mwaka 1947 akiwa maskini. Lewala inamwachia pale pale alipokabidhi jiwe. Hakupata zawadi. Jina lake linatajwa mwanzoni mwa kila ziara, ni kama mlinzi wa getini: unamsalimu, unapita.

## Siku zote hizo

Jibu la swali la mama, basi, ni rahisi, na ndiyo maana lilinikasirisha.

Mji ulikuwa na Wajerumani wazima kama 300, watoto kama 40, na vibarua wa Kiovambo kama 800. Vibarua waliletwa kutoka kaskazini kwa mikataba, wanaume watupu, wake na watoto wamebaki nyumbani, wakalazwa kwenye kambi pembeni. Wao ndio waliochekecha mchanga jangwani kutafuta almasi, na ndio waliozoa mchanga mitaani ili mitaa iendelee kuwa mitaa. Ilikuwa kazi moja yenye malipo mawili kwa kampuni. Mchanga wa kule unaupekua, mchanga wa huku unauondoa.

Kuanzia 1908 hadi 1956 ni miaka 48. Upepo ulikuwa ule ule. Nyumba zilikuwa zile zile, na mimi nilikuwa nimesimama mle ndani nikizisifu kwa uimara: tazama mbao za Wajerumani, tazama paa, tazama walivyojua kujenga. Walijua kujenga, sikatai. Ila hakuna ukuta pale uliowahi kuuzuia mchanga. Uliozuia mchanga ni mkono wa mtu, kila asubuhi, na kesho yake tena.

Wafagiaji walipoondoka, nyumba zikaonyesha zilivyo.

Ukilitazama hivi, neno "mahame" linabadilika. Mwongozaji alituambia mji ulikufa almasi ilipohamia mdomoni mwa mto Orange, baada ya ugunduzi mkubwa wa mwaka 1928, na kampuni ikahamishia mambo yake Oranjemund. Hiyo ndiyo sababu, na ni ya kweli. Ila siku yenyewe ya kifo, kama nyumba ina siku ya kifo, ni asubuhi ya kwanza ambayo hakuna aliyekuja na beleshi.

## Picha yenye watu

Ipo picha moja ya enzi za mwanzo ambayo husambaa sana. Si ya nyumba. Vibarua wamelala kifudifudi jangwani, safu moja, bega kwa bega, wanatambaa mbele huku wanaokota almasi juu ya mchanga kama mtu aokotaye maharage. Husimuliwa kwamba kule Pomona, kusini zaidi, mawe yalikuwa mengi kiasi kwamba yaliokotwa hata usiku kwa mbalamwezi, yanametameta.

Ni picha nzuri mno, kama kazi ya sanaa. Watu wamejaa. Na huwezi kuuona uso hata mmoja, kwa sababu nyuso zote zimeelekea chini.

Niliitazama sana, nikakumbuka nilivyojibana ukutani. Kuna picha ambamo tunatolewa, na kuna picha ambamo tunaachwa bila nyuso. Sijui ipi ina nafuu.

(Najua utasema nimezidisha. Binamu yangu amesema hivyo tayari, kwa maneno makali zaidi. "Yule mama wa watu alitaka picha ya mlango, wewe umemfikisha Shark Island." Ana haki yake. Lakini nisingefika huko kama reli isingefika.)

## Tuufagie sasa?

Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa ya hasira, na kwa hiyo ya kijinga. Nilitaka mchanga uondolewe wote. Nyumba zirudishwe, na kwenye kila chumba kuwe na maelezo ya nani alilala na nani aliamka alfajiri kufagia.

Tatizo ni kwamba mchanga ndio kiingilio. Watu hawatoki mabara mengine kutazama nyumba safi ya mhasibu. Wanakuja kwa ajili ya ile milango mitatu. Wapo wapigapicha wanaolipia kibali maalumu ili waingie kabla jua halijapanda, mchanga ukiwa haujakanyagwa na nyayo. Majengo machache, likiwemo lile la ukumbi, yalikarabatiwa na kampuni ya almasi ya De Beers kuanzia mwaka 1980 yakawa makumbusho, na ndiyo ambayo watu huyapita haraka kuliko yote. Nilijiona na mimi. Kwenye ukumbi nilikaa dakika kumi. Kwenye nyumba ya mhasibu nilikaa karibu saa nzima.

Halafu kuna jambo la pili ambalo hasira ilinificha. Mchanga ule ule unaoharibu ndio, kwa sehemu, unaoshikilia. Umejaa chini ya ngazi, umeegemea kuta. Ukiuzoa haraka, kuna kuta zitakazogundua kwamba hazikuwa zimesimama zenyewe.

Kwa hiyo nimebadili mawazo mara mbili. Sasa niko hivi: nyumba za juu ya tuta ziacheni. Nyumba ya meneja imezwe, ya mwalimu imezwe, kwa mwendo wake, na sisi tulipe kutazama. Mimi beleshi langu ningelianzia kule pembeni, kambini. Ningefukua pale ambapo wanaume walilala kwa safu, nikaonyesha upana wa kitanda cha mtu mmoja. Ziara yetu haikufika huko. Sikukumbuka kuuliza, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yule mwanamke na kamera yake: nilikuwa na mdomo, nilikuwa na mwongozaji mbele yangu aliyejibu kila swali kwa ukarimu, nikauliza bwawa lilikuwa na kina gani.

## Picha 212

Nimebaki na jambo moja la kukiri.

Baada ya swali la mama niliamua kupitia picha zangu zote. Ziko 212. Nilikuwa najiandaa kumlaumu yule mwanamke vizuri, kwa ushahidi. Nikakuta kwamba katika picha zangu 212 hakuna mtu hata mmoja. Nami nilikuwa nimesubiri. Nilikuwa nimesimama kwenye kona na simu mkononi, nikingoja wale wazee wawili wa Kiholanzi watoke chumbani, nikingoja mtoto ashuke kwenye kile kilima cha mchanga, ili nami nipate mlango wangu mtupu. Sikumwomba mtu asogee. Nilikuwa mpole zaidi tu.

Isipokuwa moja. Ni picha ya asubuhi, tulipofika, ya ngazi za jengo la ukumbi. Niliituma kwa watu wengi, na wengi waliipenda. Nilikuwa nimeikata upande wa kushoto kabla ya kuituma, na sikukumbuka kwa nini.

Nimefungua ile ya awali. Upande wa kushoto yupo mwanamume wa makamo, kavaa ovaroli, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi kuukinga upepo. Ana fagio refu. Anasukuma mchanga wa usiku kutoka kwenye ngazi ili makumbusho yafunguliwe, wageni tuingie.

Sasa nakumbuka. Nilimsalimia, naye akaitika bila kusimama. Na tulipotoka saa nne baadaye mchanga ulikuwa umeshaanza kurudi kwenye ngazi ya chini kabisa, na fagio lilikuwa limeegemezwa pembeni, linangoja.